Mpaka Mjukuu wa Koko Nasieku Ashuke

Mercy amenisumbua tangu nistaafu. Kila mara ananipigia simu ananiambia, Mama Ciru, hawa watoto wapya wa stesheni ya redio wanajua kubonyeza kila kitu lakini kutangaza hawajui, waandikie kitu. Mimi namjibu kwamba niko na kuku na niko na magoti mabaya, huo wakati wa kuandika nitautoa wapi. Sasa juzi amekuja hapa kwangu Noonkopir na mkate na maziwa, akaketi kwenye kiti changu, akakataa kuondoka. Basi haya, nyinyi mnaoanza kushika maikrofoni, someni. Mkiona naruka huku na kule mnivumilie tu, ndivyo ninavyoongea.

Nimetangaza mpira, riadha, mbio za punda, hata mashindano ya kwaya, maana meneja mmoja aliamua kwaya nayo ni mchezo. Lakini nikipita sokoni Kitengela hakuna anayeniuliza habari za mpira. Mama wa nyanya akiniona tu anaanza, "Mama Ciru, ako chini?" Mwenye kinyozi naye, "Ako chini?" Kisha wanacheka, na mimi nacheka. Hilo swali lilitoka Kajiado, siku ile tuliyotangaza wanaume wanaoruka kwenye theluji.

Kwanza mjue aliyenifundisha. Mzee Parmuat alinikuta nikiwa msichana, nimesimama nyuma ya pikapu siku ya soko na kipaza sauti, natangaza dawa ya kupe. Alisimama akanisikiliza mpaka nikamaliza. Akaniambia sauti niko nayo, hata nyingi kuliko inavyohitajika, lakini nimepiga kelele asubuhi nzima na yeye bado hajui hiyo dawa inapakwa wapi. Nilikasirika sana. Wiki iliyofuata nikaenda kumtafuta stesheni anipe kazi.

Masharti yake hayakuwa mengi. Sema unachokiona. Kama hujaona, sema hujaona, msikilizaji si mjinga. Na kubwa kuliko yote: mtu akienda juu, mshushe kwanza ndiyo uende kwa matangazo ya biashara. Hilo la mwisho lilimfika yeye mwenyewe. Alikuwa akitangaza michezo ya shule, upande wa kuruka juu. Kijana mmoja akaja mbio, Mzee akasema ameruka, ako juu kabisa, na papo hapo saa ya tangazo ikafika. Likaingia tangazo la dawa ya kuogesha ng'ombe, refu kama nini, likafuatwa na habari, halafu maombi, na matangazo ya siku yakafungwa.

Kesho yake asubuhi walimkuta mwanaume mmoja amekaa mlangoni na fimbo yake, ametembea kutoka ng'ambo ya Isinya. Mtoto wake alikuwa analala shuleni. Alimwuliza Mzee Parmuat jambo moja tu, kama mtoto aliteremka. Mzee alimweka kwenye gari akampeleka mpaka shuleni, akamwona kijana akiwa darasani na miguu yake yote. Mzee Parmuat alikuwa akitusimulia hayo huku akipangusa machozi ya kicheko, lakini ole wako umwache mtu juu mbele yake. Angekufukuza studio na chai yako mkononi.

Sasa, hii ya theluji. Meneja alikuja siku moja ofisini, zile ofisi zetu za juu ya duka la mabati, akasema tumepewa ruhusa ya kutangaza mashindano ya kimataifa ya michezo ya baridi, ule mchezo wa wanaume kuruka. Tukamwuliza, Kitengela? Nani atasikiliza? Akasema kuna mjukuu wa mama mmoja wa Kajiado atakuwa ndani. Kijana anaitwa Lemayan. Mama yake alienda ng'ambo kufanya uuguzi, akaolewa huko kwenye nchi za baridi, na mtoto akakulia kwenye milima ya theluji, sasa anarukia nchi ya babake. Haya, tukakubali. Mtu wetu ni mtu wetu hata akivaa glavu.

Mimi barafu niliyoijua ni ile ya friji ya buchari. Ilibidi nikae na Mercy, fundi wetu wa mitambo, tutazame kwenye kompyuta yake marudio ya miaka iliyopita. Nilipoona mara ya kwanza nilishika kichwa. Mwanaume anakaa kwenye ubao juu ya mteremko mrefu kupita jengo lolote la hapa Kitengela. Miguuni amefunga mbao ndefu nyembamba. Anajiachilia, anateremka mbio akiwa amejikunja, mteremko unafika mwisho unakatika, na yeye anaendelea. Anakwenda hewani, amejilaza juu ya mbao zake, mikono ubavuni, na chini yake mlima unashuka. Nilimwuliza Mercy kama hawa watu wako na wazazi.

Kutangaza mchezo usioujua kuna njia yake. Usianze na sheria. Anza na kitu msikilizaji wako anakijua kwa mwili wake. Nilijua upepo, maana sisi hapa Athi upepo tunaujua, umetung'olea mabati mara ngapi? Huko kwao upepo wa mbele ndio mzuri, unambeba mtu. Wa nyuma unampiga chini. Kwa hivyo mwalimu wa mruka-theluji anasimama pembeni na bendera, anasikiliza upepo, na mwanafunzi wake anangoja kule juu mpaka bendera ishuke. Zile mbao wenyewe wanaziita skii. Mimi nilisema mbao za miguu, na mpaka leo kuna wazee Kajiado wanaziita hivyo.

Na kuna kitu kiliniponza, na sikuponzeka peke yangu. Siku ya majaribio nilianza vizuri. Lakini si mnajua mimi nimekulia huku? Baba alihama na sisi kutoka Murang'a nikiwa mdogo, na harusi zote nilizohudhuria nikiwa mtoto zilikuwa za Wamaasai majirani zetu. Kwangu mimi kuruka ni kuruka kwa moran: mwili umenyooka, visigino havigusi ardhi, na anayeenda juu zaidi ndiye mwanaume. Basi kila aliyejitupa juu pale mteremko unapokatika nilimsifu mpaka sauti ikakauka. Aliyetoka chinichini, ameinama, nikamwonea huruma hewani. Nikasema maskini, huyu amebaki chini, labda hakula.

Sasa matokeo yakitoka, yule maskini ndiye wa kwanza. Mwingine nilimwonea huruma, wa pili. Yule niliyempamba, mkia kabisa. Simu za stesheni zikawaka moto. Mzee mmoja wa Isinya alisema waamuzi wamekula kitu kidogo. Mwingine akataka kujua ni kwa nini mtu aliyeruka juu anyang'anywe. Mama mmoja alikubaliana nami kabisa, akasema hata kwa redio alisikia yule wa kwanza hakupanda vizuri. Na kuna aliyesifu kwamba angalau visigino havigusi mbao, maana nilikuwa nimewaambia kiatu chao kinafungwa mbele tu na kisigino kinabaki wazi. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba kinachopimwa ni umbali, na vile mtu anavyoshuka. Stesheni nzima na wasikilizaji wake wote tulikuwa tunahukumu harusi. Mercy ndiye aliyesoma sheria, akanionyesha huku amefunga mdomo na kitambaa ili kicheko chake kisiingie redioni.

Kumbe nyumba moja Kajiado haikuwa inacheka. Jioni hiyo alinipigia simu mwanaume anaitwa Sankale, mjomba wa yule kijana Lemayan. Akasema mama yake anataka kumwona yule mama anayeongea kwa redio. Nikadhani nimemkosea. Nikaenda.

Mama huyo, Koko Nasieku, koko ni nyanya kwa Kimaa, anakaa nje ya mji, karibu na reli ile inayotoka Magadi. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, shanga zake shingoni, redio ndogo mapajani. "Takwenya," nikamwambia, akanijibu, "Iko," akanishika mkono na hakuuachilia. Tukaanza habari za mvua, za ng'ombe, za watoto wangu, mmoja mmoja, na mkono bado ameushika. Ndipo akaniambia kilichomkaa rohoni.

Sankale alikuwa amemwonyesha kwa simu video ya mjukuu wake akiruka. Aliitazama mpaka pale kijana anapotoka mlimani, akairudisha simu na hakula siku hiyo. Huyo mtoto alimshika mara moja tu, alipoletwa akiwa mchanga, akampa jina la babu yake. Tangu hapo hajawahi kumwona ana kwa ana. Aliniambia usiku akifunga macho anamwona palepale, hewani, hana chini. Sankale alikuwa anamwambia mama, tazama tena umwone akishuka, na yeye anakataa.

"Nakerai," akaniambia, yaani mtoto wangu, "macho yangu yamekataa hiyo kitu. Masikio yanaweza. Mimi sitaki kujua kama ameshinda. Wewe uniambie tu akishuka."

Nikamwambia Koko, nitakuambia. Mnaona mdomo ulivyo mwepesi? Mzee Parmuat wakati huo alikuwa ameshazikwa, na nilipokuwa narudi Kitengela nilimwona kabisa akinitazama kwa ule uso wake wa kuuliza kama nimefikiria.

Meneja alipenda hayo maneno kupita kiasi, akasema basi tutangazie hukohuko bomani. Siku yenyewe Mercy alibeba kompyuta, waya, spika na jenereta, tukapanga chini ya turubai. Majirani wakaja, na kila mmoja akaja na ushauri wake kuhusu waya. Kompyuta tuliiweka mezani mbele yangu. Koko Nasieku akageuza kigoda chake, akaipa kompyuta mgongo, akakaa ananitazama mimi usoni. Jamani, nimetangaza mbele ya mawaziri. Sijawahi kuogopa macho kama yale.

Safari hii sheria nilikuwa nazijua. Niliwaambia watu tusahau harusi, hapa mtu anatoka chinichini, analala juu ya upepo, na akishuka anatanguliza mguu mmoja mbele, magoti yamekunjika kidogo, mikono ameifungua. Hapo ndipo waamuzi wanatoa alama. Wakaruka wa kwanza, wakaruka wengine, nikiwashusha mmoja mmoja. Kila nikisema "ameshuka" namwona Koko anatikisa kichwa kidogo. Alikuwa ananipima.

Halafu Lemayan akaonekana. Kofia nyekundu, amekaa kwenye ubao kule juu, miguu imening'inia. Nikasema, Koko, ndiye huyu. Binamu zake waliokuwa wamesimama nyuma wakaanza ile sauti ya kooni, ya chini, ambayo vijana huitoa mwenzao akiwa katikati ya duara anaruka. Hakuna aliyewaambia. Upepo ukakataa, bendera ya mwalimu ikabaki juu, na tukangoja. Mwishowe bendera ikashuka. Nikasema amejiachilia, anateremka, amejikunja, sasa anafika mwisho, ametoka, ako juu.

Picha ikasimama.

Si kwamba jenereta ilizima. Mtandao tu, ule wetu wa Kajiado, uliamua kupumzika. Lemayan akabaki pale kwenye kioo, hewani, mbao zimefunguka mbele, haendi wala harudi. Mercy akaruka kwenye waya. Alipoona haisaidii akainama sikioni kwangu akaninong'oneza nimshushe tu, huyo kijana ameruka mara elfu, lazima atakuwa ameshuka.

Na nitawaambia ukweli, neno lilikuwa liko hapa kwa ulimi. Kulisema ni rahisi. Mama mzee angepumua, sherehe ingeanza. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na mimi sikuwa nimeona. Na kama ameanguka? Ningemshushaje mtu kwa mdomo halafu baada ya dakika nimwambie nyanya yake nilikuwa nadanganya?

Nikasema, "Koko, picha imesimama. Bado ako juu. Sijamwona akishuka."

Koko Nasieku hakutikisika.

"Basi usinyamaze," akaniambia. "Mshikilie."

Nikamshikilia. Sijui nilitoa wapi maneno. Kwa sababu picha haikusonga, nilisema kila kilichokuwa ndani yake. Nikasema kofia yake ni nyekundu na iko na alama nyeupe. Nikasema mikono iko ubavuni, vidole vimefunguka, hajakunja ngumi, maana yake haogopi. Nikasema mbao za miguu zimeachana mbele na zimekaribiana nyuma, upepo umejaa chini yake. Nikasema miti iko upande wa kushoto, na ina theluji. Nikasema uso wake, Koko, ule wa chini, ule wa kidevu, ni wa kwako. Wale vijana nao hawakuacha. Mmoja akiishiwa pumzi mwingine anapokea, sauti haikukatika hata kidogo, na kina mama wakaingia, na meneja wetu mwenyewe, Mluhya wa watu, nikamsikia naye anangurumia pale nyuma na tai yake. Nilijua sasa hapa hatutangazi tena, tunamzuia mtoto asianguke.

Picha ikarudi kwa kushtuka. Ilikuwa imeruka mbele. Lemayan ako bondeni, amesimama, anafungua mbao zake miguuni, na anapunga mkono.

"Koko," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeisha, "alivyoshuka sikuona. Lakini ako chini. Amesimama kwa miguu yake miwili."

Koko Nasieku akainuka. Akageuka kwa mara ya kwanza siku ile, akaisogelea kompyuta, akainamisha uso wake karibu kabisa na ule uso mdogo wenye kofia nyekundu. Akamtemea mate ya baraka, mara ya kwanza, mara ya pili, kama inavyofanyiwa mtoto wa nyumbani. Yote yakaingia kwenye kompyuta ya Mercy.

Mercy alitaka kulia. Akashika mkono wake mwenyewe usiende kupangusa, maana hata yeye alijua baraka haipanguswi. Kibodi ilikuwa ngumu siku kadhaa, na mpaka kesho anasema hiyo ndiyo kompyuta iliyodumu kuliko zote alizowahi kushika.

Mjukuu alikuwa wa ngapi? Alikuwa huko karibu na mkia. Wakati matokeo yanasomwa hakuna aliyesikiliza, mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Redioni ile sauti yangu iliyoisha haikusikika, kilichotoka kilikuwa vigelegele tu, na watu waliokuwa wakisikiliza Kitengela walianza kupiga simu. Waliuliza swali moja wote. Ndilo lile la sokoni.

Mwaka uliofuata nilistaafu, na Lemayan akaja nyumbani. Kijana mrefu, mpole, Kiswahili chake cha kuungaunga lakini anajitahidi. Binamu zake wakamwingiza kwenye duara arukie wageni. Nilikuwepo, nimekaa mbele na sahani yangu. Mruka-theluji wa kimataifa akakunja magoti, akaruka, na badala ya kwenda juu akaenda mbele. Alipita duara lote, akatua mbele ya wasichana, mguu mmoja umetangulia, mikono ameifungua, vizuri kabisa. Visigino vyote viwili chini. Mzee mmoja karibu nami akasema kwa masikitiko kwamba watoto wa ng'ambo hawafundishwi. Mimi nilimpa alama zote, na nilicheka mpaka sahani ikaniponyoka.

Sasa sikilizeni la mwisho. Siku aliyoondoka, asubuhi, simu yangu ikalia. Koko Nasieku. Hakunisalimia kwa urefu kama kawaida yake. Akasema ndege imeondoka na mtoto, na Sankale ako na kitu kwa simu yake kinachoonyesha ndege inavyokwenda, lakini Sankale hajui kuongea.

Nikavaa viatu. Na magoti yangu haya, mpaka Kajiado. Nikamkuta kwenye kigoda chake, amekipa kioo mgongo kama siku ile. Nikachukua simu ya Sankale nikaanza kazi. Nikamwambia sasa wamevuka mpaka wa kaskazini. Sasa jangwa, Koko, hakuna hata mti. Sasa bahari, na ndege iko katikati yake, inakwenda vizuri. Nilikunywa chai nikitangaza. Nilikula nikitangaza. Majirani walipita, wakakaa, wakaenda, na mimi naendelea. Mchana ukageuka, kile kindege kidogo kwenye kioo kikafika mahali pake, kikasimama.

Sankale akasema haya, ameshuka. Koko akanitazama mimi.

"Koko," nikamwambia, "hiyo ni picha. Mimi bado sijamwona."

Tukangoja. Hakuna aliyesimama. Hatimaye simu ikalia mkononi mwangu, ikawa ni sauti ya kijana, na kelele za watu nyuma yake, akisema kwa Kiswahili chake kile, "Koko, mimi iko chini."

Nikampa Koko simu. Aliongea naye kwa Kimaa, pole pole, muda mrefu, na mimi nikamwaga chai iliyopoa nikamiminiwa nyingine. Alipomaliza alikuja akanishika mkono kama siku ya kwanza. Akaniinamia akanitemea baraka kwenye paji la uso.

"Haya, nakerai," akasema. "Sasa unaweza kustaafu."